Zamu ya Mzee Breki

SEHEMU YA TISA

"Umenisikia, mama? Daraja limekatika! Lori lako limeingia mtoni nalo!"

Bi Zamu alikuwa amesikia. Alisikia vizuri sana.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, msomaji, usipate tabu ya kumuuliza jirani. Mvua ya siku nne imelifuta bonde. Watu mia nne wamejibana kwenye shule moja juu ya kilima, na chakula kimewaishia. Bi Zamu, mjane aliyepanga zamu za madereva kwenye kampuni ya malori kwa miaka kumi na minane, amekusanya madereva kumi na mmoja wa kujitolea na kuwaweka kwenye ghala lililoachwa la mafuta ya kula. Njia za kwenda kilimani ni mbili. Ya juu ni saa saba za kona na makorongo. Ya chini ni saa mbili tu, ila ina daraja. Jana jioni Mwenyekiti wa kamati ya maafa, ambaye ni shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, alimpigia simu: daraja limekaguliwa, lori la kwanza lipite chini. Bi Zamu akalipitisha. Na dereva aliyemwandika kwa lori hilo ni mdogo wake, tumbo moja, yule tunayemwita Chapchap.

Sasa tuendelee.

"Dereva je?" Bi Zamu aliuliza. Sauti yake mwenyewe hakuitambua.

"Kichwa cha gari kilizama kwanza. Sikuona mtu akitoka." Mwendesha pikipiki aliyepiga simu alikuwa anahema. "Namba yako nimeisoma ubavuni kabla halijageuka. Mama, ukingo nao unameguka huku, vipande vikubwa kama nyumba! Mimi naondoka kwa miguu. Pikipiki imenasa kwenye tope, huku bila lori mtu hapiti. Na simu yangu chaji ina—"

Simu ikakatika.

Bi Zamu aliiweka simu mezani polepole, kama kikombe kilichojaa chai.

Wa kwanza kumtazama usoni alikuwa Mama Tipa, mwanamke pekee kati ya madereva, aliyezoea kubeba kokoto na kujibizana na wanaume. Leo hakutania.

"Dada, kuna nini?"

"Chapchap amekwenda na maji."

Dereva mmoja alikuwa na gunia la unga begani. Alibaki nalo hapo hapo, kama aliyesahau gunia linatuliwaje.

Bi Zamu hakulia. Alikaa kwenye debe tupu akitazama mikono yake. Mikono hiyo ndiyo iliyomwogesha Chapchap tangu ana miaka sita, mama yao alipofariki. Mikono hiyo hiyo jana jioni ilishika chaki ikaandika ubaoni: LORI LA KWANZA, CHAPCHAP.

Na unajua kwa nini alimweka wa kwanza? Ili madereva wasije wakasema anampendelea ndugu yake.

Saa mbili nzima hakuna aliyepakia hata boksi moja. Wengine walipiga simu huku na kule, simu zikagonga mwamba. Wengine walisimama mlangoni wakitazama mvua. Ilipofika saa tano asubuhi, honi ikalia getini. Mara tatu, kwa papara.

Bi Zamu aliinuka. Honi ile angeijua hata akiwa kaburini.

Lori la bluu likaingia uani. Mlango ukafunguka, akaruka chini kijana mkavu, mzima, anatafuna njiti.

"Mbona mmesimama kama mko msibani?" aliuliza Chapchap, akiingia ghalani.

Dada yake alimfikia kwa hatua nne. Alimkumbatia. Kisha akamzaba kofi. Kisha akamkumbatia tena, na sasa ndipo machozi yalipotoka, akamlowanisha shati lote.

"Dada! Dada, vipi tena?"

Madereva walicheka, wakapigana mabega, mmoja akapiga kelele za shangwe. Furaha hiyo ilidumu kwa muda wa kuhesabu moja hadi kumi. Aliyeikata alikuwa Mama Tipa.

"Kama wewe uko hapa," alisema, "kwenye lori alikuwa nani?"

Chapchap aliacha kutafuna. "Lori gani?"

"Lori lako la zamu! Daraja limekatika, lori liko mtoni. Nani alikuwa anaendesha?"

Njiti ilimdondoka mdomoni.

"Mzee Breki," alisema. "Nilimpa Mzee Breki."

Hebu nikwambie kidogo juu ya mzee huyu. Umri wake ulikuwa miaka sitini na minane. Aliitwa Breki kwa sababu alianza kukanyaga breki wakati wenzake bado hawajaiona kona. Miaka arobaini barabarani, hakuwahi kukwaruza hata kioo. Alikuja ghalani siku ya kwanza kabisa kuomba zamu, Bi Zamu akamwambia, "Baba, wewe pumzika, utakuwa akiba." Hakununa. Kila asubuhi alikuja akapima upepo wa matairi ya wenzake, akakaza nati, akarudi kukaa. Akiba.

"Ulimpa kwa nini?" Bi Zamu aliuliza. Machozi yalikuwa yamekauka ghafla.

"Mwenyekiti alinipigia alfajiri, saa kumi na moja kasoro. Akasema ana kazi ya haraka, nichukue lori lake. Nikamkuta Mzee Breki hapa getini, yuko macho, anakagua matairi. Nikampa funguo. Alifurahi, dada. Alifurahi kama mtoto. Wewe ulikuwa umekwenda stoo ya hospitali kuchukua dawa."

"Kazi gani hiyo ya haraka?"

Mama Tipa hakusubiri jibu. Alitoka uani, akapanda gurudumu la lori la bluu, akavuta turubai.

Sofa mbili. Friji. Jenereta. Kitanda cha mbao nzito, na kabati la vioo lililofungwa mablanketi. Ndiyo, mablanketi yale yale mapya yenye mstari mwekundu, ambayo yaliletwa ghalani kwa ajili ya watu wa kilimani.

"Vitu vya nyumba yake ya shamba," Chapchap alisema kwa sauti ya chini. "Kule ng'ambo ya mto, karibu zaidi kuliko kilimani. Alisema maji yakipanda zaidi vitaharibika."

"Ng'ambo ya mto," Bi Zamu alirudia. "Kwa hiyo ulipita darajani."

"Hapana. Nilipita juu, nikazunguka."

"Kwa nini, na chini ni karibu?"

"Ndivyo alivyoniambia. Mimi nikamuuliza, shemeji, si daraja limekaguliwa? Akasema..." Chapchap alilitazama kabati la vioo. "Akasema, wewe pita juu tu, vitu vyangu ni vya kuvunjika."

Neno hilo lilizunguka ghalani likatafuta mahali pa kukaa.

Vitu vyangu ni vya kuvunjika.

"Na Mzee Breki," alisema Bi Zamu, neno moja baada ya jingine, "ulimwambia nini kuhusu njia ya chini?"

"Nilimwambia ni nzuri." Kijana aliinua macho. "Si ndivyo ulivyotuambia wewe, dada?"

Kofi lile la mwanzo Chapchap alikuwa amelilipa sasa, na riba juu.

Kabla Bi Zamu hajapata pumzi, sauti ya mwanamke ilisikika mlangoni.

"Hodi jamani. Mzee wangu yuko wapi?"

Alikuwa mke wa Mzee Breki, fundi cherehani, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Mkononi alishika miwani iliyofungwa kwenye leso.

"Kasahau miwani yake ya kusomea," alisema. "Nikasema akipewa ile karatasi ya mzigo atasoma na nini? Atawasumbua wenzake. Mwiteni."

Madereva kumi, watu wazima, kila mmoja akaona kitu cha kutazama sakafuni.

Bi Zamu alimwendea. Kama yeye ndiye aliyeandika zamu, alisema moyoni, basi yeye ndiye wa kulisema.

"Mama, kaa kwanza."

"Sikai. Sema."

"Daraja limekatika. Lori alilokuwa akiendesha limezama."

Fundi aliikaza leso mkononi.

"Si mlimnyima gari?" aliuliza.

"Alfajiri alipewa."

"Siku tatu anarudi nyumbani, nguo zake safi, ananiambia leo tena hawakunipa. Nikamwambia acha kwenda, hawakutaki. Akasema watanipa tu." Sauti yake haikupanda. "Wakampa."

Akaifungua leso, akaitazama miwani, akaifunga tena.

Wakati huo huo dereva mmoja alitupa funguo zake mezani. Wa pili akafuata. Wa tatu.

"Mimi narudi kwangu," alisema yule wa kwanza. "Nilijitolea nguvu, sikujitolea roho. Ninao wanangu."

"Na mimi," wa pili akadakia. "Tunatumwa na watu wasiojua barabara ikoje."

Funguo zikarundikana. Hata Mama Tipa alishika za kwake, akazipima mkononi.

Ndipo gari dogo jeupe liliposimama nje. Mwenyekiti alishuka, akafunga mwavuli taratibu, akaukung'uta nje ya mlango ili asichafue sakafu ya watu. Koti lake la mvua lilikuwa kavu. Viatu vyake pia.

"Poleni," alisema. "Poleni sana wote. Shemeji, pole. Nimeumia mno."

Aliendelea bila kungoja jibu.

"Tumempoteza mzee wetu sote. Lakini maneno yameshaanza kuzagaa huko nje, na maneno ya uongo ni mabaya kuliko maji. Shemeji, njoo tuliweke hili sawa. Ni saini tu."

Akatoa karatasi mfukoni. Mistari minne, imechapwa kwa mashine. Imechapwa, msomaji! Maana yake, kabla ya kuja kutoa pole, bwana huyu alikaa kitako akachapa.

Bi Zamu aliisoma kwa sauti, kila mtu asikie.

"Marehemu, ambaye hakuwamo kwenye orodha ya madereva, alichukua gari bila idhini ya mratibu wala ya kamati, na kupita njia aliyoichagua mwenyewe."

"Marehemu?" fundi cherehani aliuliza. "Nani kamwona? Wewe umemwona?"

"Mama, pole. Ni lugha ya ofisi tu."

"Na alichukua gari. Yaani kaiba."

"Hakuna aliyesema kaiba." Macho ya Mwenyekiti yalitua kwenye leso. "Hiyo ni miwani yake? Kumbe hakuwa na miwani? Jamani. Mzee wa umri ule, usukani, bila miwani..."

"Ya kusomea!" fundi alifoka. "Ya kusomea karatasi! Ya mbali alikuwa anaona kuliko wewe na ukoo wako!"

Mtu mmoja alicheka kwa uchungu, akajizuia.

Bi Zamu alikunja karatasi mara mbili. "Shemeji, daraja nani alilikagua?"

"Wataalamu."

"Nitajie mmoja."

"Huu si wakati wa..."

"Mmoja tu. Nimpigie nimuulize alisimama upande gani."

Mwenyekiti alitabasamu kama mtu anayemvumilia mgonjwa.

"Basi niambie hili," Bi Zamu aliendelea. "Kama chini palikuwa pazuri kwa Mzee Breki, kwa nini friji yako ilipita juu?"

Tabasamu likafutika. Kwa mara ya kwanza Mwenyekiti alimtazama Chapchap, aliyekuwa amejibanza nyuma ya nguzo.

"Nilimwomba kijana msaada," alisema. "Njia sikumchagulia. Au nilikuchagulia, bwana mdogo? Sema wewe mwenyewe, watu wasikie."

Sasa hapo, msomaji, mpe Chapchap dakika yake. Alikuwa dereva wa Mwenyekiti. Alilala kwenye chumba cha uani kwa Mwenyekiti. Mwezi ujao Mwenyekiti ndiye angemsindikiza kupeleka posa kwa wakwe. Bila Mwenyekiti, Chapchap hakuwa na mbele wala nyuma. Upande wa pili alikuwa dada yake.

"Nilichagua mwenyewe," alisema Chapchap.

"Mwongo!" Mama Tipa aliruka. "Si umesema hapa hapa? Vitu vyake ni vya kuvunjika!"

"Nilichanganyikiwa."

"Na funguo?" Bi Zamu aliuliza. Alimsogelea mdogo wake mpaka akaweza kusikia pumzi yake. "Funguo ulimpa au alichukua? Nitazame mimi. Usimtazame yeye."

Chapchap alitazama viatu vyake.

"Zilikuwa kwenye msumari," alisema. "Alizichukua. Mimi sikumpa."

Fundi cherehani alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyejichoma sindano.

Jambo la ajabu, ambalo Bi Zamu alikuja kulisimulia baadaye, ni kwamba pale saa tatu, alipoambiwa kijana huyu amekufa, aliumia kwa namna anayoijua. Maumivu ya sasa hakuyajua kabisa. Yule aliyemlilia alikuwa mwingine.

Aligeuka akaenda kwenye ubao wa zamu. Kwa kiganja alifuta jina la Chapchap. Akashika chaki. Herufi zikatoka kubwa kuliko alivyotaka:

LORI LA KWANZA. MZEE BREKI. ALIPEWA. NJIA YA CHINI, KWA NENO LA MWENYEKITI.

Chini yake akaandika: NILIMWAMINI, NIKALIPITISHA. Akaweka saini yake.

"Ile uliyoitaka, hii hapa," alisema. "Mama Tipa, piga picha. Mtumie kila mtu unayemjua."

Mama Tipa alikuwa ameshatoa simu.

"Shemeji," Mwenyekiti alisema polepole, "nyumba unayokaa ni ya ukoo. Hati ninayo mimi. Usije ukasahau."

"Ichukue. Una vitu vingi, utapata pa kuviweka."

Aliufungua mwavuli wake ndani ya ghala, kabla ya kufika mlangoni. Hapo ndipo tulipojua amekasirika.

Alipotoka, Bi Zamu aliuona mlima wa funguo mezani. Watu mia nne. Unga, dawa, maji, vyote viko hapa. Awaambie nini? Kwamba safari hii wamwamini?

Aliyesema ni mke wa Breki. Wala hakuwa akiwahutubia. Alikuwa anajifunga kanga kiunoni, anajiandaa kuondoka.

"Mzee wangu alikaa siku tatu kwenye hilo debe akiomba zamu mkamnyima," alisema. "Leo mnazo zote, hamzitaki."

Akatoka. Mashemeji zake walimsubiri getini wateremke naye kandokando ya mto, mbali huko chini, kwenye kona ambako maji hutupa vilivyozama. Hakumtazama Bi Zamu. Wala Bi Zamu hakutegemea kutazamwa.

Mama Tipa alikuwa wa kwanza kushika funguo. Kisha yule mwenye wanawe, huku akitukana kimoyomoyo. Kisha wengine.

Saa saba mchana malori kumi yalikuwa yamepanga mstari, pua zimeelekea njia ya juu. Bi Zamu alipanda kwenye tipa, akavuta mlango. Chapchap alikimbilia dirishani, mvua inamchuruzika usoni.

"Dada. Dada, nisikilize. Ningefanyaje? Angenifukuza leo leo. Mzee mwenyewe ameshakufa, maneno hayamuumi tena. Lakini mimi nipo!"

"Nani huyo anaita dada?" Bi Zamu alimuuliza Mama Tipa.

Mama Tipa aliingiza gia.

Njia ya juu ilikuwa kama walivyoiogopa. Tope jekundu, mawe, kona moja baada ya nyingine, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili hewa tupu. Mama Tipa alianza kukanyaga breki mapema, kabla ya kona kuonekana. Bi Zamu aliliona hilo, akageuza uso dirishani.

Saa nane walifika kwenye bega la mlima, mahali pekee penye mtandao. Simu ikalia. Namba ngeni.

"Bi Zamu? Ni mimi, mwalimu mkuu, huku shuleni. Nimepanda juu ya tangi la maji ndiyo nikapata mtandao. Samahani kwa kukusumbua."

"Mwalimu! Tuko njiani, malori kumi. Usiku huu tutakuwa hapo. Waambie watu wavumilie."

"Hapo wapi?"

"Hapo shuleni."

"Lakini watu hawapo hapa, Bi Zamu. Wameshateremka. Tumebaki mimi na wagonjwa sita."

"Wameteremka kwenda wapi?"

"Darajani. Si ndivyo tulivyoagizwa? Jana jioni Mwenyekiti alitupigia. Akasema lori la kwanza litavuka asubuhi na kutungoja upande wetu wa daraja, na saa tisa atakuja na mgeni mkubwa na watu wa kamera. Akasema tushuke sote, tupokee mzigo tukiwa wengi, picha zionekane vizuri."

Kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa haraka ya kupita chini. Picha.

"Mwalimu," alisema, "leo hakukupigia tena? Kuwaambia daraja limekatika?"

Upepo ulivuma kwenye simu.

"Daraja limefanya nini?"

"Limekatika tangu asubuhi! Ukingo unameguka! Wametoka saa ngapi? Huwezi kuwawahi?"

"Nina mguu mmoja mbovu, Bi Zamu. Nimepandishwa huku na watu wawili." Sauti ilianza kuvunjika. "Wametoka muda mrefu. Wanapita kwenye ule mfereji wa kushukia mtoni, mto hauonekani mpaka uwe juu yake. Watoto wametangulizwa mbele. Wamefundishwa wimbo wa kumpokea mgeni."

Mtandao ukayumba, ukamchukua mwalimu.

Bi Zamu alitazama saa kwenye dashibodi. Saa nane na dakika nane. Alimpigia mwendesha pikipiki wa asubuhi: hapatikani. Kurudi mpaka mjini ni saa nzima, na kutoka mjini hadi mtoni ni saa nyingine. Wangefika saa kumi. Watoto wangekuwa wamesimama ukingoni tangu saa tisa.

"Tunahitaji mtu aliye mjini sasa hivi," Mama Tipa alisema. Alikuwa ameshazima injini. "Mwenye gari la kukata tope lile. Akifika upande wetu wa mto apige honi, apige kelele, awarudishe nyuma."

"Malori yote yenye nguvu hiyo yako hapa nyuma yetu."

"Limebaki moja."

Wote wawili walijua ni lipi. La bluu. Na walijua ni dereva gani, katika mji mzima, angeimaliza ile njia kwa chini ya saa moja bila kuuliza chochote.

Bi Zamu alilitafuta jina kwenye simu. Lilikuwa la kwanza kabisa, juu ya majina yote. Kidole kilikaa juu yake. Angeanza na neno gani? Mdogo wangu? Saa moja iliyopita alikuwa ameuliza huyo ni nani.

Akabonyeza.

Iliita mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu ikakatwa.

Akabonyeza tena. Safari hii ilipokelewa papo hapo.

"Chapchap!" alipiga kelele. "Usikate! Washa lori sasa hivi, nenda mtoni, kuna watoto wanashuka, watoto mia na zaidi, Chapchap, unanisikia?"

Upande wa pili mtu alikohoa kidogo, kistaarabu, na sauti iliyotoka haikuwa ya mdogo wake.

"Nakusikiliza, shemeji," alisema Mwenyekiti.